Ngozi Iliyotoka Angani

Efraimu, aliyekuwa mume wangu, hajawahi kufika mwisho wa jambo. Alipokuwa mpagazi wa watalii Mlima Meru, alifika kibanda cha kwanza, Miriakamba, akatua mzigo na kusema goti limekataa. Akaanza nyumba Engutoto. Kuta zilipofika usawa wa madirisha akasema itakuwa banda la ng'ombe, na ng'ombe hakununua. Kwaya aliiacha wiki moja kabla ya Pasaka. Kitu kimoja tu alikimaliza upesi: kunifukuza.

Mama yake, marehemu Bibi Sifaeli, aliniachia ngozi aliyoolewa nayo. Katika ukoo wao, kule Akeri, ngozi ile hupewa mke wa mtoto wa kwanza, naye humvika binti yake siku ya kumuaga anapokwenda kuolewa. Ni ya mbuzi, imelainishwa kwa samli mpaka ikawa kama kitambaa. Panya walipoitoboa, niliitia kiraka kwa uzi wa bluu niliouchomoa kwenye mfuko wa sembe.

Siku moja haikuwemo sandukuni. Efraimu aliita wazee wa ukoo na wa kanisa, akawaambia nimeiuza kwa wauza vinyago mjini. Nilikana. Wakasema mwanamke asiyejua kusoma hudanganyika kirahisi. Nikaondoka na ndoo, khanga mbili na binti yetu Nice. Miaka sita sasa, wanawake wa usharika wakiniona nakaa karibu nao kwenye benchi huhamisha pochi zao. Mama Sia, mwenyekiti wetu, huhamisha yake kwa adabu: kwanza hukohoa.

Mwaka huu umoja wa wanawake ulikwenda Momela kutazama flamingo. Wakati wa kurudi tukapitishwa kwenye makumbusho ya mzee mmoja wa Kizungu, aliyejaza nyumba yake picha za meli za angani. Kila meli ni puto refu kama ndizi mshare, na chini yake pana chumba cha abiria. Wazungu wa zamani walikula humo juu ya mawingu, kwa vijiko vya fedha, mpaka baadhi zikashika moto wakazichoka. Mzee anasema ni historia ya kuhuzunisha. Mimi niliona ndizi nyingi.

Mwongozaji wageni alikuwa Efraimu, shati la kaki, kifimbo mkononi. Aliponiona alirudi nyuma hatua moja. Halafu akakumbuka kwamba sijui kusoma, akatulia.

Akatueleza habari za vita vya kwanza. Meli moja iliondoka Bulgaria ikiwaletea Wajerumani waliokuwa wakipigana huku kwetu dawa na risasi. Haikutarajiwa kurudi kwao: kitambaa chake kingeshonwa mahema, na ngozi ya njia ya ndani ingekatwa viatu. Ilipofika Sudani iliitwa irudi, ikageuza. Nikawaza kwamba Efraimu hatimaye amepata ndugu.

Kisha akatusogeza haraka kupita kabati la kioo. Mimi sikusogea. Ndani yake palikuwa na ngozi iliyokunjwa, na kadi mbele yake.

Jambo asilolijua Efraimu ni kwamba Nice alinifundisha herufi baada ya sisi kufukuzwa, kwa kutumia maandishi ya mifuko ya sembe. Nilisoma kadi kwa sauti, polepole, neno moja moja: kipande cha ngozi ya meli ya angani, kiliokotwa Meru na babu wa mwongozaji wetu.

"Baba Nice," nikamwita. "Si umesema iligeukia Sudani?"

"Ndiyo, iligeuka."

"Sasa ngozi yake ilikuja na nani?"

Akasema huko juu upepo ni mkali. Nikamuuliza kama upepo huo ulivuka Kenya nzima ukitafuta shamba la babu yake. Wanawake wakaanza kucheka.

"Mama Nice, haya ni mambo ya waliosoma."

"Sawa. Basi waliosoma waikunjue."

Kabla haijaguswa nikawaambia watakachokiona: pembeni, upande wa shingo, kiraka kama kiganja, uzi wa bluu wa mfuko wa sembe, na mshono wa mwisho umekwenda kombo kwa sababu Nice alikuwa analia mgongoni. Mzee akaja na ufunguo. Kiraka kilikuwepo, na mshono wa mwisho ulikuwa kombo.

Mzee alimuuliza Efraimu, kwa Kiswahili safi, kama Wajerumani wale walikula sembe. Efraimu akasema anakwenda kuangalia jenereta. Umeme ulikuwa unawaka. Mama Sia alinipa pochi yake nimshikie, apate kuishika ngozi kwa mikono miwili. Hakukohoa.

Yeye ndiye aliyewataka wazee wakae tena, palepale waliponihukumu. Efraimu akatuma habari kwamba atakuja na masale. Kwa Wameru, mtu akikuletea jani hilo kuomba radhi, huwezi kumkatalia. Lakini lazima alilete kwa mkono wake. Nikasema alilete.

Jumamosi wazee walikaa, na umoja mzima wa wanawake ulikaa nyuma yao. Efraimu alionekana akipandisha kwa miguu, jani mkononi, mpaka kwenye kona ya migomba. Pale alimuuliza mtu nani wamekuja. Alipoambiwa, akalichomeka jani kwenye ua wa shamba la watu, akageuza.

Wazee waliandika kwenye daftari la kanisa kwamba ngozi sikuiuza na irudi kwangu, na katibu akanisomea. Nikamwomba daftari nisome mwenyewe. Kisha mzee mmoja akatuma watu wakalichukue jani kule kwenye ua, akanisihi nilipokee, kwani nia ya mtu ilionekana.

"Shikamoo, baba," nikamwambia. "Hilo limeishia Sudani."

Nice anaagwa Desemba. Ngozi nimeipaka samli upya, na ule mshono uliokwenda kombo sikuugusa.