Maharagi ya Umeme

Mambo yale yote yalitugharimu mikaratusi ishirini na miwili, waya mita mia moja na kumi, kamba moja iliyochomwa mbele ya majirani, na shingo ya maman. Nimehesabu mara mbili. Dinamo siihesabu, maana iliuzwa tena, na aliyeinunua alitupunja.

Sikuwa na nia ya kuyakumbuka. Mimi nauza makala, mkaa wa kupikia, sokoni Kadutu, na muuza makala akikaa kukumbuka, watu wanajichagulia gunia bila yeye. Lakini wiki iliyopita jirani yangu wa meza, maman anayechoma mihogo, aliwasha kuni za mkaratusi ambazo bado mbichi. Wanaoujua moshi huo wanajua: mwanzoni unanukia kama dawa ya kikohozi, halafu unaingia machoni na hautoki peke yake. Nililia kuliko moshi ulivyotaka. Mteja aliyekuwa akivutana nami bei alifikiri ni ile bei yake iliyoniliza, akaongeza mwenyewe. Sikumkatalia.

Tulikaa mlimani, pale Bukavu inapochoka na Kabare inaanza. Chini tuliona paa za mji na ziwa. Ng'ambo ya mto Ruzizi tuliona nguzo za umeme za Rwanda zikishuka mlima huu na kupanda ule. Kwetu nguzo ya mwisho ilisimama chini ya shule, haina waya. Tulifunga mbuzi hapo.

Papa alikuwa fundi wa mashine za kusaga unga. Kila asubuhi alishuka mjini kwa miguu akiwa na koti lake la kazi la bluu, na jioni alirudi mweupe wa unga mpaka kwenye kope. Kwetu mtoto akizaliwa, baba yake anampandia mikaratusi nyuma ya nyumba, ije imlipie shule au imwanzishie ndoa. Yangu mimi, mtoto wake wa pekee, ilikuwa ishirini na miwili. Kila Jumapili baada ya misa niliihesabu, kwenda na kurudi. Mara moja nilipata ishirini na mitatu, nikawa tajiri wiki nzima.

Maman alibeba kuni tangu hajafika umri wangu wa wakati ule. Wanawake wa kwetu hawaweki mzigo juu ya kichwa. Mzigo unakaa mgongoni, kamba inapita chini yake na kuzunguka paji la uso, na shingo ndiyo inavuta. Miaka ikipita, kamba inachimba njia yake. Paji la maman lilikuwa na mfereji kutoka upande hadi upande. Nilipokuwa mdogo nilisinzia nimelaza kidole changu ndani yake, na kilienea vizuri, kama kilipimwa. Mama yake, nyanya yangu, kamba ilimpinda shingo hata akawa anatazama chini tu. Wajukuu alitutambua kwa miguu yetu.

Kwa hiyo siku ya kutoa mahari, papa alisimama mbele ya wakwe akasema kwamba mke wake ataiweka kamba chini. Watu walicheka, wakaendelea kula. Bwana harusi anasema mengi, na hakuna anayeandika. Papa hakuwa anachekesha. Ilimchukua miaka kumi na moja tu kupata njia.

Njia yenyewe ilikuwa kijito kilichopita chini ya shamba letu: maji yazungushe dinamo, na umeme upike badala ya kuni. Aliuza mikaratusi yangu ikiwa bado imesimama, kwa mchoma makala, akanunua dinamo na waya. Aliniahidi atanipandia mingine. Nilimwuliza mingapi, akasema ishirini na mitano, nikakubali. Alichimba mfereji, akakata pipa la mafuta kuwa mapanga ya gurudumu, akafunga mkanda mkuukuu wa mashine ya unga. Siku ya kuwasha aliita majirani wote. Ampule tatu za taa ziliwaka mchana kweupe, na watu waliguna kwa heshima. Papa akaitoa kamba ya maman kwenye msumari wake ukutani, akaitupa ndani ya babula, jiko letu dogo, lenye makala yanayowaka. Ilinuka kama nywele zinazoungua.

"Maman Nabintu," akasema, "ile kazi imekwisha."

Nabintu ndiye mimi. Maman aliitazama kamba mpaka ikawa majivu, kama mtu anayesindikiza mgeni. Aliyesema ni jirani yetu, Maman Furaha, mwanamke mwenye jiko kubwa la udongo na mdomo wa kulitosha.

"Papa Nabintu, taa tumeona," akasema. "Sasa pika maharagi tukule."

Jumapili iliyofuata papa aliwasha resho, jiko dogo la umeme lenye waya uliojikunja kama minyoo. Maman aliweka chungu cha maharagi tulipotoka misa ya kwanza. Waya wa resho ulikuwa mwekundu hafifu, kama jicho la mgonjwa wa malaria. Papa alikuwa chini kijitoni, maji mpaka kiunoni, anafungua na kufunga kibao cha mfereji ili gurudumu lipate nguvu. Mimi nilisimama katikati ya shamba kupeleka sauti juu na chini. Kila mara papa aliuliza kama inachemka. Kila mara maman alizamisha kidole ndani ya chungu, akakifuta kwenye kitenge.

Saa tisa mchana alizamisha mkono mzima. Maji yalifaa kuogeshea mtoto mchanga. Alitazama chungu, akatazama kule chini ambapo kichwa cha papa kilionekana kati ya matete, amelowa, ameinua uso kungoja jibu.

"Mwambie inachemuka," akaniambia.

Nilimwambia. Naye maman akakibeba chungu kwa mlango wa nyuma mpaka kwa Maman Furaha, akakirudisha jioni kikiwa kimeiva, akakipandisha juu ya resho. Nilipomwita, papa alipanda mlima akitetemeka kwa baridi, akala kijiko cha kwanza akiwa amefumba macho.

"Maharagi ya umeme," akasema. "Hata moshi haina."

Tangu siku ile tuliishi hivyo. Papa akishashuka mjini, maman alitoa kamba nyingine aliyoificha chini ya gunia la mihogo, kamba nyembamba ya nailoni, akapanda Kabare kuokota na kununua kuni. Alipikia kwa Maman Furaha, akaoga, akasugua mikono kwa majani ya limau, akafunga kitambaa mpaka kwenye nyusi kuficha alama ya kamba. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye ile nguzo ya mbuzi na kuimba nikimwona papa. Niliimba nyimbo za kanisani, na majirani walisema nina wito.

Maman Furaha hakutoa jiko bure. Alitaka mizigo mitatu ya kuni kila wiki, kwa moto na kwa kunyamaza. Hapo nikaingia mimi, miaka kumi na moja. Nilimwambia kunyamaza hakuli kuni. Nilimwambia sisi tukipika kwake, jiko lake halipoi, na yeye anakuta moto tayari. Nilianza kwa mzigo mmoja. Tulivutana mchana mzima, yeye akimenya ndizi, mimi nikizihesabu.

"Wewe, Nabintu, utauzisha hata kivuli ya mutu," akasema mwishowe. "Sawa, mbili. Lakini mizigo ya mwanamuke, si ya mutoto."

Nilikimbia nyumbani na habari. Maman alicheka mpaka akakaa chini, akanipa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zangu na zake. Ulikuwa ushindi wangu wa kwanza wa bei. Hesabu yenyewe nawapa: kabla ya umeme maman alibeba mizigo minne kwa wiki. Baada ya umeme alibeba sita, na miwili kati ya hiyo ikawa mikubwa kuliko yote aliyowahi kubeba, kwa sababu binti yake alijua kupatana. Nilihesabu mizigo. Sikuipima.

Papa alifurahi. Alisema kile kitambaa kinamfanya afanane na masista. Jioni moja alinyoosha mkono kukigusa pale juu ya nyusi, mkono ukasimama njiani, akaomba chumvi. Wiki ile ile alirudi na koti la bluu lisilo na mfuko wa kifuani, kitambaa chote cha upande ule kimetoka. Maman alimwuliza. Alisema mkanda wa mashine umekula.

Mvua zikaja. Kijito kilileta chupa za plastiki na kandambili zisizo na wenzao, zikaziba gurudumu, nami nilishuka kuzitoa kila nikitoka shule. Alhamisi moja wanawake wanne walimleta maman amelala juu ya mlango kama machela. Alikuwa ameteleza kwenye njia ya Kabare na mzigo wa Maman Furaha mgongoni. Kamba haikukatika. Nailoni haikatiki. Mzigo ulianguka upande mmoja na kuivuta shingo.

Aliwaomba wale wanawake waende kabla papa hajarudi. Papa alipoingia, maman alimwambia, akiwa ametazama ukuta kwa sababu hakuweza kutazama kwingine, kwamba ameanguka kijitoni akitoa chupa kwenye gurudumu.

Papa alipiga magoti. Ninachokumbuka ni kwamba hakutazama shingo kwanza. Alitazama kitenge. Udongo wa kijito chetu ni mweusi; wa njia ya Kabare ni mwekundu, na kitenge cha maman kilikuwa chekundu mpaka kiunoni. Alikitazama muda mrefu. Halafu akaushika mkono wake.

"Ni kosa ya mashine yangu," akasema. "Unisamehe."

Asubuhi alishuka kijitoni, akang'oa gurudumu, akakunja waya wote. Hakujenga tena. Kuni alibeba mwenyewe, begani, na wanaume wa mlima mzima walimcheka. Mimi nilimwona mjinga. Niliona kitenge alichokiona yeye, nikafikiri mtu anayekaa na mashine hajui rangi za udongo. Nilifurahi hata kidogo kwamba hajui, maana angeuliza habari za mizigo miwili, na jibu lilikuwa langu.

Shingo ya maman ilibaki imeelekea kushoto. Kanisani alikuwa akiangalia dirisha, si altare. Mikaratusi ishirini na mitano haikupandwa.

Papa amefariki mwaka huu. Nilikuwa nikipanga vyombo vyake ili niviuze, na ndani ya sanduku la funguo zake za kufungulia mashine, chini kabisa, nikakuta kamba ya kubebea kuni. Si ya sokoni. Ni pana, imekatwa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la gari na kushonwa kwa uzi wa kuvulia samaki, mishono midogo midogo, mara mbili kila upande. Pale panapokaa paji la uso amejaza pamba na kufunika kwa kitambaa cha bluu. Ni ule mfuko wa koti lake, na kifungo chake bado kipo. Haijawahi kulowa wala kubeba kitu.

Koti lilipoteza mfuko kabla ya mvua. Basi alijua kabla ya mvua. Alikula maharagi yale akijua, akayasifu, na mahali fulani kati ya unga alikaa akashona. Lakini mtu aliyechoma kamba mbele ya majirani anaitoaje nyingine? Nadhani alikuwa anatafuta siku nzuri.

Maman yuko kwangu, huko huko mlimani. Kila Kwaresima anaungama ule uongo wa maharagi; mapadri wamebadilika mara tatu, uongo ni ule ule. Anaamini alimdanganya mume wake mpaka kaburini, na kwamba alimfanya abomoe kazi nzuri kuliko zote alizofanya. Nikimwonyesha kamba hii, atajua kwamba alipendwa. Atajua pia kwamba ilikuwa tayari, laini, ndani ya sanduku, siku alipopanda Kabare na ile ya nailoni.

Mimi kila kitu nakipatia bei. Hiki nimekigeuza huku, nikakigeuza huku, na bei yake haisimami. Nawaombeni ninyi, hasa wenye mama walio hai: nimpe, au niizike? Msikawie kunijibu. Kwaresima imekaribia, na safari hii amemwomba padri aje nyumbani kumwungamisha, kwa sababu hawezi tena kushuka mlima.