Nilimbadilisha Nyati wa Kaka kwa Kigari cha Turbo

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie visingizio. Visingizio ninavyo tele. Nimewagawia watu mwaka mzima, na wote walivipokea bila kuvigeuza upande wa pili.

Naandika kutoka Guangzhou. Jina langu liacheni. Mimi ni Mtanzania, mtu wa Mwanza, shule niliishia kidato cha pili, na kazi yangu ni kuwanunulia nguo wenye maduka wa nyumbani. Asubuhi niko soko la nguo la Shisanhang, mchana niko maduka ya jumla ya Zhanqian, jioni nafunga marobota. Watu wananiamini kwa sababu nina sheria moja: sinunui kitu ambacho sijakishika kwa mkono. Laobani, yaani bosi wa duka, anionyeshe picha nzuri kiasi gani, mimi nitamwambia alete sampuli.

Sheria hiyo nimeivunja mara moja tu. Na niliyemvunjia ni mjane wa kaka yangu.

Nilikuwa na kaka mmoja, tumbo moja. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu wa kelele na vicheko, si kama mimi. Siku moja mzungu mmoja aliyefanya kazi mgodini alikuwa anarudi kwao, akawa anauza gari lake la Kimarekani. Gari lenyewe lilikuwa la zamani kuliko mimi: milango miwili mizito, boneti ndefu kama meza ya karamu, injini ya V8. Kaka akanipigia, akanisihi mpaka nikacheka. Pesa nilituma mimi, ndiyo maana kadi ya gari iliandikwa jina langu. Lakini gari lilikuwa lake. Akaliita Nyati, na Nyati akiwashwa, mtaa mzima walijua nani anatoka bila kuchungulia.

Usukani ulikuwa kushoto, na sisi kwetu tunapita kushoto mwa barabara. Kwa hiyo dereva akiwa nyuma ya lori haoni kitu mbele. Mke wake, shemeji yangu, ndiye aliyekaa kulia akawa macho yake. Alikuwa akisema, "Tulia. Tulia. Haya, pita." Na kaka anapita, hamuulizi mara ya pili. Niliwahi kukaa nyuma nilipokwenda likizo, nikafumba macho njia nzima mpaka Shinyanga. Kaka akanicheka. Akasema wenzake wameoa wake, yeye ameoa kioo cha pembeni. Shemeji akamjibu kwamba kioo kikikasirika siku moja kitasema pita wakati basi linakuja.

Gari hilo ndilo lililowalisha. Kila Jumamosi lilibeba maharusi. Bibi harusi kuingia kiti cha nyuma ilikuwa kazi, wasimamizi wanalishindilia gauni kama mimi ninavyoshindilia robota, lakini hakuna aliyelalamika. Watu walitaka ule mngurumo mbele ya msafara. Walitaka mji ujue kwamba leo binti wa fulani anaolewa.

Kaka alifariki kwa presha. Alianguka karakana, hakufika hospitali.

Mimi sikwenda kuzika. Pasipoti yangu ilikuwa imechukuliwa kwa ajili ya kuongezewa viza, na bila pasipoti mtu hatoki nchi hii. Mazishi niliyaona kwenye simu, nimekaa kwenye ngazi za duka moja la jumla pale Zhanqian, wabeba mizigo wanapita na marobota wananiambia nisogee. Sikulia. Nilikunja miguu wapite.

Baada ya arobaini ukoo ulikaa, nami nikasikiliza kwa simu. Wazee walisema gari libaki kwa mjane, liendelee na kazi yake. Nikaitikia. Shemeji akamchukua rafiki wa kaka awe dereva, yeye mwenyewe akaendelea kukaa kulia. Kila Jumamosi, tulia, tulia, haya pita. Watoto wakaendelea kwenda shule.

Siku zisizo na harusi shemeji alikuwa akiliwasha gari asubuhi ili betri isife. Na akiwa amekaa mle ndani, ndipo alipopata utulivu wa kunipigia. Kwake asubuhi, kwangu mchana. Ananiuliza nimekula nini, ananieleza habari za watoto, ananiambia nani ameuliza hali yangu kanisani.

Basi mimi nikaanza kulalamikia mafuta.

Nilisema gari linakunywa mno. Nilisema vipuri vyake havipatikani, ni chuma cha makumbusho, ipo siku litamwacha bibi harusi njiani na ukoo utaaibika. Yote hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, na huo ndio ubaya wake. Uongo mtupu ungenishinda kuusema.

Nilikuwa na mteja mmoja Mwanza ambaye binamu yake ana yadi ya magari. Unapeleka la zamani, unaongezea kidogo, unaondoka na jipya kiasi. Huyo binamu akanitumia video ya kigari kidogo cha rangi ya fedha, kinang'aa, kimeshuka melini juzijuzi. Akanipigia mwenyewe. Akasema injini ni ndogo lakini ina turbo ya kuiongezea nguvu, "inakunywa kama kuku, inakimbia kama swala, bosi." Nikacheka. Mimi, mtu wa leta sampuli, nikaangalia video mara mbili nikasema sawa. Sikumtuma hata fundi mmoja akaligonge bodi.

Shemeji sikumuuliza. Nilimwarifu. Nilimwambia nimemtafutia gari la kisasa, usukani kulia, halimsumbui mtu, linaweza kufanya teksi siku zote saba badala ya kungoja Jumamosi. Akasema, "Kadi ni ya kwako, shemeji."

Nikaichukua hiyo kama ndiyo.

Jamani! Miaka yote hii nakaa na wauzaji na wanunuzi. Naingia ofisi za mawakala kule jengo la Tianxiu, nasikia mtu anaambiwa bei, anasema "sawa bosi, wewe ndiye mkubwa", na mimi najua papo hapo kwamba huyo hajakubali, huyo amechoka. Kwa mgeni nasikia. Kwa shemeji yangu nikaziba.

Nikasaini karatasi, nikampa mfanyabiashara mwenzangu aliyekuwa anasafiri kwenda Mwanza. Nyati akaenda yadi, kigari kikaja nyumbani.

Mwezi wa kwanza nilijisifu. Kila aliyeniuliza nilimwambia nimemfuta machozi mjane wa kaka. Watu wakasema Mungu akuzidishie. Nilitaka sana kusikia hivyo, kwa sababu sikuzika, na mtu ambaye hakuzika anatafuta mahali pa kuonekana.

Harusi zikaisha. Nani akodi kigari cha rangi ya fedha, wakati nusu ya waalikwa wanacho? Rafiki wa kaka akaenda kuendesha lori. Shemeji akampata kijana wa kufanya teksi. Nikamuuliza kwa nini haendi naye kama zamani, angalau apunge hewa. Akanijibu bila hasira kwamba usukani uko kulia, dereva anaona mwenyewe, yeye akikaa pale anachukua tu nafasi ya abiria.

Nilisikia hilo jibu. Nikabadilisha mazungumzo.

Halafu turbo ikaanza vituko. Kumbe kitu kile kina adabu zake! Inataka oili yake maalumu, si ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Ukitoka safari ndefu unaliacha gari liungurume kidogo lipoe ndipo uzime. Nani alituambia? Muuzaji alisema kuku na swala, habari ya oili hakuisema, na mimi sikuuliza. Kijana alikuwa anafika stendi anazima papo hapo ili aokoe mafuta, yale mafuta niliyoyapigia kelele mimi. Gari likaanza kufuka moshi wa buluu. Likapanda mlima Bugando kama mzee mwenye pumu, abiria wakashuka wakasukuma.

Mafundi wa kule, watu walioshika injini ya Nyati kwa bisibisi na nyundo, wakafungua boneti wakafunga. Wakasema hii ni ya kompyuta, kipuri kitoke nje.

Hapo nikavimba kichwa. Kipuri kitoke nje? Si niko nje mimi? Hii ndiyo homa yetu sisi tunaokaa Guangzhou. Kila siku unaona vitu vya dunia nzima vinapita puani pako, unaamini hakuna kitu kinachokosekana. Mtu wa nyumbani akitaja shida unamjibu "hiyo iko huku" kabla hajamaliza sentensi.

Nikaenda soko la vipuri kutafuta turbo nyingine. Duka la kwanza, meiyou, hakuna. La pili, meiyou. Nikazunguka mpaka miguu ikafa ganzi, ile meiyou ikawa inanipiga kama kofi. Mwishoni mama mmoja akatoa moja iliyofanana. Akaniambia wazi kwamba si yenyewe, ni ya kuiga, yenyewe inaagizwa na inangojewa. Alisema kweli yule mama. Mimi ndiye niliyesema weka kwenye boksi.

Nikaichomeka katikati ya robota la madera. Na nikamwambia shemeji ni mpya, ya kiwandani.

Ilifanya kazi kidogo, ikapasuka, ikamwaga vipande ndani ya injini. Kigari sasa kimeegeshwa uani kwa shemeji, kimefunikwa turubai. Anauza maandazi asubuhi. Hajanilaumu. Afadhali angenitukana!

Nikasema basi, nitamrudisha Nyati kwa gharama yoyote. Nikampigia mwenye yadi, akanipa namba ya aliyemnunua, mzee mmoja mwenye baa Musoma. Mtu mcheshi. Nikamweleza kuwa lile gari lilikuwa la marehemu kaka yangu, nataka kulinunua tena.

Akanipa pole. Halafu akasema, "Lakini mdogo wangu, injini nilishaitoa, nimeiuza kwa mtu wa boti. Bodi nimeiweka mbele ya baa, watu wanapiga nayo picha. Ngoja nikutumie."

Akanitumia. Nyati amepakwa rangi nyekundu, amekalishwa juu ya matofali. Wasichana wawili wamekaa juu ya boneti na chupa za bia.

Niliitazama ile picha nimesimama katikati ya duka, laobani ananiuliza nachukua zile suruali ama sichukui. Na hapo ndipo nilipoambiwa ukweli na moyo wangu mwenyewe, kwa sababu kitu cha kwanza nilichokisikia ndani yangu hakikuwa uchungu. Kilikuwa nafuu. Injini imetoka. Haitawaka tena.

Haikuwa mafuta. Haikuwa mafuta hata siku moja.

Ilikuwa sauti. Kila shemeji aliponipigia akiwa mle ndani, nyuma ya maneno yake kulikuwa na ule mngurumo, na mngurumo ule ni kaka yangu anatoka nyumbani. Nilikuwa natulia nikisubiri kaka aseme neno. Kisha nakumbuka. Mara ngapi nilikata simu nikamwambia mtandao mbaya! Nilikwenda chooni nikanawa uso, nikarudi kuhesabu magauni. Sikumzika, kwa hiyo kwangu alikuwa anakufa upya kila Nyati alipowashwa. Nikaona njia ya kunyamazisha ni kuuza. Mjane alikuwa ananipigia akiwa amekaa mahali pekee alipopata faraja, nami nikamng'oa kiti.

Juzi Jumapili nikampigia. Nikamwambia yote. Kwamba turbo ilikuwa ya kuiga na nilijua. Kwamba habari za mafuta zilikuwa kifuniko. Kwamba nilikuwa naogopa sauti. Nilizungumza nikiwa nimekaa kitandani, naangalia ukuta, na nilipomaliza nikasubiri matusi kama mtu anayesubiri mvua.

Nilisikia maandazi yanachemka kwenye mafuta.

"Ungeniambia linakuumiza, shemeji," akasema. "Ningekuwa naliwasha ukishakata simu."

Basi. Akaniaga, kwamba wateja wamefika.

Ni jambo dogo hivyo. Lilihitaji sentensi moja kutoka kwangu, nami nikaona rahisi zaidi kuuza gari, kununua gari, kutuma kipuri feki na kudanganya ukoo mzima, kuliko kusema naumia.

Wewe unayesoma, hasa ndugu yangu uliye mbali na kwenu na hukupata kumwaga udongo kaburini: usiguse kitu cha marehemu wakati bado hujalia. Na walio hai waliobaki nacho, waulize. Ukiulizia jambo ukajibiwa "kadi ni ya kwako", hilo si jibu la ndiyo. Kaa chini, uliza tena, nyamaza usikilize.

Mimi nimeanza kulia sasa. Nimechelewa, na kule uani turubai limefunika gari ambalo halimhitaji mtu yeyote wa kusema haya, pita.