Barua ya Kumsifu Masanja

Wasomaji, kosa hili nimelibeba tangu enzi za Ujamaa. Nilikuwa karani wa ghala la pamba, Kigongo. Mpagazi wetu Masanja, aliyeharibika mgongo kwa magunia, aliomba kazi ya ulinzi mjini Mwanza. Nikamwandikia barua ya kumsifu. Kiswahili kingetosha, lakini nilitaka wajue nimesoma, nikachomeka neno la Kiingereza, "furtive", nikidhani ni mtu mpole asiye na makelele.

Masanja alirudi siku ileile.

"Ndugu karani, wamenisomea kamusi. Eti ni mtu wa kunyemelea, na neno lenyewe limetokana na Kilatini cha 'mwizi'. Wamenifukuza getini. Sasa niambie, nilikuibia nini?"