Maneno ya Watoto Ndani ya Mashine

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu alinikalisha mbele ya mashine ya kutoboa kadi akaniambia, "Binti, hapa hatuandiki, tunatoboa. Kila tundu ni jibu la mtu." Ilikuwa miaka ya sabini. Kompyuta ilijaza chumba kizima, nasi tuliingia humo tukinong'ona kama tulio kanisani. Baadaye nilipandishwa cheo, nikawa naendesha programu za takwimu chini ya Mtakwimu Mkuu, mtu mpole asiyependa haraka.

Ndipo Afisa wa Elimu alipotuletea majibu ya watoto wa Jericho, Kaloleni na Kariokor, mitaa ya Nairobi. Kila mtoto alikuwa ameulizwa anamwitaje mama, pesa anaziitaje, mkate je, na kadhalika. Afisa aliamini kwamba maneno yao yalifuata lugha ya nyumbani, na alitaka madarasa ya chini yagawanywe kwa lugha za wazazi. Mimi ni Mkamba, niliishi Jericho, na binti yangu Mwende aliketi dawati moja na Wambui, Mkikuyu wa jirani. Kadi zile niliziingiza mashineni kwa shingo upande.

Programu ikawapanga watoto kwa kufanana kwa majibu yao, makundi matatu. Afisa akapiga makofi. "Si mnaona? Wamegawanyika, kama nilivyosema!"

"Bado, Bwana Afisa," akasema Mtakwimu Mkuu. "Mashine hii haijui kukataa. Ukiiambia igawe makundi matatu, itagawa hata mchanga. Mama Mwende, hebu yachanganye majibu."

Kuchanganya kulikuwa hivi: majibu ya kila swali yanabaki yaleyale, ila yanagawiwa watoto upya kwa bahati nasibu, huyu apate neno la yule. Hapo hapawezi kuwa na kundi la asili. Nikayarudisha mashineni, na makundi matatu yakatoka tena! Nilipigwa na butwaa. Vurugu tupu, na bado imepangwa.

"Sasa pima wamekaribiana kiasi gani."

Katika majibu yaliyochanganywa, watoto wa kundi moja walikuwa mbali na wenzao kama wageni kwenye stesheni. Tulichanganya tena na tena, hali ikawa hiyohiyo. Lakini katika majibu halisi walibanana kama punje kwenye gunzi. Makundi yalikuwa ya kweli. Kumbe Afisa alikuwa sahihi?

Mtakwimu Mkuu akaniambia nichapishe lugha ya nyumbani kando ya kila mtoto. Kikamba, Kikuyu, Kijaluo, Kiluhya, zote zimechanganyika katika kila kundi. Kisha nikachapisha mtaa. Kundi la kwanza likatoka Jericho, Jericho, Jericho, mpaka karatasi ikajikunja sakafuni. La pili Kaloleni. La tatu Kariokor.

Afisa alipiga magoti, akaifuata safu ile kwa kidole.

"Nani aliwafundisha?" akauliza hatimaye.

"Wamefundishana," akajibu Mtakwimu Mkuu.

Afisa mwenyewe ndiye aliyekwenda wizarani kuupinga mpango wake, karatasi zetu zikiwa kwapani. Madarasa hayakugawanywa.

Sasa nimestaafu, na kompyuta hukaa mapajani. Vijana wa kazi hii huja kuniamkia, nami huwaambia wachanganye kwanza, ndipo waamini. Juzi sokoni Jericho, muuza nyanya alimwita mwenzake kwa neno nisilolijua. Nikamuuliza maana yake.

"Shosho, hilo hata wewe hungelijua," akacheka kama mjukuu mbele ya bibi yake. "Limeanza wiki hii."

Nilisimama pale na kikapu changu, nikilirudia neno lile kimoyomoyo.