Mfuo Uliopinda wa Jabez Thurlow

Kwenye udongo mzito wa Suffolk, Uingereza, mwanamume alipimwa kwa mfuo wake, ule mstari plau inaouchimba ardhini. Mlevi alisamehewa. Hata aliyempiga mkewe walimsamehe, aibu yao. Lakini aliyepinda mfuo hakusamehewa. Jumapili, kanisa likitoka, wanaume wa plau walizunguka vijiani, mikono mifukoni, wakichungulia juu ya ua wa miti, shamba baada ya shamba. Mfuo ulionyooka hawakuutaja. Uliopinda ulikuwa kitoweo cha kilabuni mwaka mzima.

Jabez Thurlow alishika plau miaka arobaini na moja bila kutajwa. Aliwalimia akina Ling, baba na kisha mwana, na nyumba aliyolala ilikuwa yao. Ndivyo mambo yalivyokuwa: ukiwa na kazi una nyumba, kazi ikiisha unatoka na godoro lako. Humo ndani mkewe Keziah alizaa watoto wanne. Watatu walizikwa nyuma ya kanisa, wa nne alikwenda Kanada na barua zake zikakoma.

Halafu macho ya Jabez yakaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, kulia kwanza, kisha kushoto. Farasi aliwajua kwa mkono, na udongo aliusoma kwa miguu, lakini mfuo wa kwanza wa shamba haulimwi kwa miguu. Mtu huchomeka upande wa pili kijiti kilichomenywa ganda kikawa cheupe, akakilenga katikati ya vichwa vya farasi, wala hatazami chini wala nyuma. Kijiti chenyewe Jabez hakukiona tena.

"Basi nitasimama mimi," Keziah alisema, akimenya viazi. "Aproni yangu utaiona. Ni pana kuliko kijiti, na mimi mwenyewe si mwembamba."

"Watu watauliza unafanya nini shambani."

"Nimekuletea chai. Mke kumpelekea mumewe chai ni habari ya gazetini siku hizi?"

Wakafanya hivyo misimu miwili. Kila shamba jipya lilipofunguliwa, alfajiri Keziah alitangulia, akasimama kando ya ua wa miti na aproni yake nyeupe, na Jabez akaja na farasi wake wawili, Dodger na Matchet, moja kwa moja hadi tumboni pake. Walikuwa wakicheka wanapokutana pale, kama wachumba. Hakuna aliyejua.

Februari ile, Keziah alikuwa akikohoa tangu Krismasi. Asubuhi ya Jumatatu alitema kitu katika kitambaa, akakikunja haraka. Jabez hakuona, ila alisikia jinsi alivyokikunja.

"Leo usije. Nitamwambia Bwana Ling farasi ana kwato mbovu."

"Ulishamwambia hivyo wiki jana, na akaja kutazama kwato. Asipoona shamba limefunguliwa leo, ataanza kukutazama macho. Nifungie aproni, mikono yangu imekufa ganzi."

Akamfungia.

Upepo ulikuwa wa kukata masikio. Jabez akaona doa jeupe upande wa pili, akawaita farasi. Robo tatu ya shamba, doa likaanza kusogea kushoto. Sasa, mtu wa plau haishuku alama yake hata siku moja, hujishuku mwenyewe. Jabez akadhani ameteleza, akawarudisha farasi polepole kushoto, akajilaani. Doa likazidi kwenda, kisha likashuka chini. Akafikiri Keziah ameinama kujikinga na upepo. Hakuongeza mwendo, kwa sababu mfuo hauharakishwi, na hilo lilimla moyo hadi mwisho wa uhai wake.

Farasi wakasimama wenyewe.

"Umechoka kusimama, bibie?"

Alikuwa chini, mgongo ukiegemea nguzo ya lango, na kifua chake kikitoa sauti ya mvukuto uliotoboka.

"Nilisogea, Jabez. Nilitaka kushika nguzo tu. Nimekuharibia mfuo wako. Nisamehe, mume wangu."

Alifariki Alhamisi. Wakamzika Jumamosi, karibu na wale watatu.

Jumapili Jabez alikwenda langoni, kwa kuwa asiyetokea ndiye mwenye aibu. Wanaume walikuwa wamekwisha kupanga mstari kwenye ua. Bwana Ling naye alikuwapo. Mfuo ulikwenda umenyooka kama uzi, kisha ukaenda upande kama mtu anayetafuta pa kukaa.

Obed Pettitt, aliyekuwa na mdomo mrefu kuliko wote, hakuweza kujizuia. "Mzee mwenzangu, hapa ulikuwa unalima au unapiga chafya?"

Wawili watatu wakacheka.

"Wacha, Obed," Bwana Ling alisema. Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa ametoka mazikoni jana yake. "Farasi alishtuka. Sivyo, Jabez? Dodger alishtuka."

Neno moja tu lilihitajika. Ndiyo, na angerudi kwenye kiti chake na moto wake, pengine msimu mmoja, pengine miwili. Jabez alilijua hilo. Lakini Dodger hakushtuka, na aliyeomba msamaha hapo langoni hakuwa farasi.

"Dodger hana kosa," alisema. "Mke wangu alikuwa amesimama pale. Mimi sioni, Bwana, huu mwaka wa pili. Nilikuwa namlenga yeye. Alisogea, nikamfuata. Mfuo huo haujapinda. Umekwenda palepale alipokuwa."

Obed akavua kofia, na wenzake wakavua. Jabez hakuwaona.

Kabla ya Pasaka nyumba ilipata watu wengine. Shayiri ilipoota, ule mpindo ulionekana kijani hadi barabarani, na Jabez alikuwa maili kumi na mbili kutoka pale, katika nyumba ya maskini, walikopelekwa wasio na kazi wala makao. Mlangoni walimvua nguo zake, wakampa za kule, na aproni ya Keziah aliyoificha kifuani wakaipeleka jikoni, kwa kuwa ilikuwa bado nzima. Wapishi wote wa pale walivaa aproni nyeupe. Kila moja ilipopita, Jabez aligeuza kichwa, akaifuata kwa macho mpaka ilipokwisha.