Niliruka jina la Maganga makusudi siku ya wahitimu

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenitokea mwenyewe, na mbaya humu ndani ni mimi. Chumvi sitaongeza.

Nilisoma shule moja kongwe ya serikali hapa Tabora. Boarding, wavulana watupu. Jina naliacha, waliopita pale wataijua tu.

Bwenini nilikuwa kiranja. Kila jioni naita majina kwenye daftari, mtu anaitika "nipo", anakwenda kukaa. Mpaka leo wahitimu tukikutana tunapanga mistari, tunaitwa vilevile. Aliyefariki, bweni zima linamwitikia "tupo". Watu wazima na mvi zao wanalia pale.

Sasa kuna Maganga. Alikuja form one kutoka Sikonge na baiskeli, kafunga dumu la asali nyuma. Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini mimi juu. Hesabu nilimfundisha mimi.

Leo Maganga ni bosi Dar. Mimi ni fundi seremala hapahapa mjini, na kila likizo natengeneza madawati ya shule bure. Mwaka huu yeye katuma bati za bweni. Nani kafanywa mgeni rasmi?

Wakuu, wivu uliniwasha. Namwona anashuka kwenye V8, wanafunzi wanampigia makofi, nasema huyu si ndiye alikuwa ananakili kwangu? Madawati yangu hakuna aliyeyataja.

Madam, mkuu wa shule, akaniambia niite majina. Daftari la zamani ninalo mpaka leo. Nikaita. Kufika kwa Maganga, nikaruka.

Desturi ni kwamba mwishoni unauliza kama kuna ambaye hajaitwa. Nikauliza harakaharaka. Maganga hakunyoosha mkono. Alibaki kasimama peke yake na suti yake, wenzake wote wamekaa.

Nilisikia raha, nisiwadanganye.

Wakati wa chakula Madam akaja mezani kwangu. "Ahsante kwa kazi, mzee Rama. Unajua Maganga ndiye aliyetuomba uite wewe? Alisema asipoita Rama, yeye haji."

Nikasukuma sahani ya pilau pembeni, nimfuate.

Kabla sijainuka, Maganga huyo, na kalamu mkononi. "Rama ndugu yangu, nadhani wino umefutika. Niandike tena bwana, mwakani nisibaki nimesimama."

Daftari lilikuwa mezani. Akalifunua mwenyewe. Jina lake lipo, mwandiko wangu, linasomeka hata bila miwani.

Akaliangalia kidogo. Akarudisha kalamu mfukoni.

"Mbona lipo," akasema, akaenda kwenye gari lake.

Nilichojifunza ni hiki: nilikuwa na kiu ya kutajwa, na mtu pekee aliyenitaja ndiye niliyemruka.

Wiki ya tatu sasa. Namba yake ninayo, sijapiga. Wewe ungekuwa mimi ungeanza na neno gani? Mnitukane, sawa, lakini mnijibu.