Bukta Isiyopinda

Fundi hakuwa mtu wa kukubali makosa kirahisi. Kwa miaka ishirini na mbili kwenye cherehani, mteja akirudisha nguo, kosa lilikuwa la mteja: amenenepa, amekonda, au hajui kuvaa. Kwa hiyo futi ya kupimia iliposoma sentimita hamsini na tatu paja la kulia la mpwa wake, na hamsini tu la kushoto, hakushtuka. Aliandika kwenye daftari lake la vipimo, akaendelea na kazi.

Mpwa huyo, binti wa kaka yake, alikuwa mchezaji wa mpira wa pete, na goti la kushoto lilikuwa limemtesa msimu mzima. Walilichua, wakalifunga bandeji, wakalipumzisha; lilipoa, kisha likarudi palepale. Sasa kocha alikuwa amemwambia bila kupepesa macho kwamba timu inachaguliwa baada ya wiki nane, na asiyeweza kutua kwa mguu mmoja atabaki nyumbani.

"Shangazi, bukta hii usijisumbue nayo sana," binti alisema. "Huenda nikaivaa kufanyia usafi tu."

Fundi alimpandisha kwenye kigoda ili apachike pini kwenye pindo. Kila binti alipoegemea mguu wa kushoto, kigoda kilitikisika. Fundi alikilaumu kigoda, akakisogeza mahali sakafu ilipo sawa. Kikatikisika tena. Basi akakaa chini kabisa, pini mdomoni, akamwambia asimame kwa mguu mmoja mmoja. Kwa wa kulia, fundi alichoka kuhesabu. Kwa wa kushoto, sekunde nne tu, goti likakimbilia ndani na binti akadaka pazia.

Jambo hilo lilimwasha fundi kama upele. Kila mtu alikuwa ameshughulika na goti. Ni nani aliyeliangalia paja?

Kesho yake alifunga duka mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa harusi za ndugu, akampeleka binti kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, daftari kwapani. Mtaalamu alibandika vibandiko vyenye nyaya kwenye mapaja yote mawili, akamwambia ashuke ngazi moja. Kwenye skrini mstari wa paja la kulia uliruka mguu ulipogusa chini. Wa kushoto ulichelewa, tena uliinuka kidogo tu. Fundi aliuliza maswali mpaka binti akaona haya. Alielezwa kwamba msuli wa paja ukiogopa maumivu hulegea, na goti likabaki bila wa kulishika, ndiyo maana mtu anayumba. Akauliza hali hiyo ilianza lini. Mtaalamu alisema hana njia ya kujua.

Fundi akafungua daftari. Bukta tano katika miezi kumi na minne, na kila safari paja la kushoto lilikuwa limepungua.

Mtaalamu alishangaa. Kwa mapaja yaliyopishana hivyo bukta zingepinda, na mtu angeona mapema.

"Hazikupinda," fundi alisema, sauti imeshuka. "Nilikuwa napunguza upande wa kushoto ili zikae vizuri. Nikajiona fundi kweli."

Aliona aibu, na aibu hiyo aliifanyia kazi. Tangu siku hiyo binti alifika dukani kila asubuhi kufanya mazoezi aliyopewa: kupanda na kushuka kigoda, kuchuchumaa taratibu, kusimama kwa mguu wa kushoto huku shangazi akishona na kuhesabu. Kushika pazia kulipigwa marufuku. Wiki ya tatu walipata sekunde kumi na moja, wakagombana kama ni kumi na mbili.

Wiki ya nane binti aliingia na ile bukta mkononi.

"Kocha amenichukua," alisema. "Ila shangazi, hii inanibana mguu wa kushoto."

Fundi aliipokea, akaigeuza ndani nje, akatafuta mshono wa kushoto.

"Kosa ni langu, mwanangu," alisema. "Kaa hapo niifumue."